Dawa za moyo ni kazi ya nyumba nzima: tuliyopitia Bukavu

Karatasi ya kutoka hospitali huandikwa kana kwamba mgonjwa anaishi peke yake. Jina la dawa, kipimo, asubuhi na jioni, saini, muhuri. Haimtaji mama mkwe, haitaji bei, wala shangazi atakayekuja Jumapili na chupa ya mizizi, wala jirani mwenye diklofenaki, dawa ya maumivu, mfukoni. Nimeishi na karatasi hiyo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tangu mdogo wangu alipougua moyo, na kwa maoni yangu kumeza vidonge ndiyo sehemu rahisi. Naandika kwa ajili ya ndugu walioambiwa "mpelekeni nyumbani, dawa ni hizi" na hawajui waanzie wapi.

Mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa pili mwishoni mwa mwaka 2024, salama, bila kupasuliwa. Miguu ilikuwa imevimba tangu mwezi wa mwisho wa mimba, na kila mtu alisema ni uzazi, itashuka. Haikushuka. Wiki chache baadaye akawa hawezi tena kulala chali. Alijiegemeza ukutani kwa mito, na akiteleza usingizini anashtuka anatafuta hewa. Kwenye kituo cha kwanza tuliambiwa ni mapafu, akachomwa sindano. Hospitali ya pili ndiyo iliyomfanyia ekografia, yaani picha ya moyo. Daktari alitueleza kwamba kila moyo wake unapopiga unasukuma nje kama 30% tu ya damu iliyojaa ndani, wakati moyo wenye afya husukuma zaidi ya 50%. Ugonjwa huo huwapata baadhi ya wanawake kuelekea mwisho wa mimba au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kuzaa. Misuli ya moyo inalegea, na sababu yake haijajulikana yote. Wengi hupata nafuu kwa dawa, wengine moyo haurudi ulivyokuwa. Sisi tulizoea kwamba moyo ni ugonjwa wa wazee wenye tansio (shinikizo la damu), na huyu hajafika hata miaka 30.

Kwa hiyo, kabla sijaendelea: mzazi akivimba miguu, akashindwa kulala bila mito mingi, akakohoa usiku na kuchoka kwa hatua chache, ombeni moyo wake upimwe. Msikubali neno "ni uzazi tu" hadi mtu awe ameusikiliza moyo huo.

Sasa siku ya kutoka. Hakuna siku mbaya kuliko hiyo ya kumfundisha mtu kitu. Shemeji alikuwa anakimbia mjini kutafuta dola zilizobaki, maana bila kumaliza deni hutoki. Mama anafunga sufuria na mablanketi, mtoto analia, mgonjwa anataka tu kuona mlango. Katikati ya fujo hiyo daktari alieleza dawa nne, kwa Kifaransa, akiwa amesimama, na mdogo wangu akaitikia kwa kichwa. Tulipofika nyumbani nikamuuliza, "Alisema nini?" Akanijibu, "Yaya, alisema nisile chumvi." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Kwenye ordonansi, karatasi ya daktari ya kununulia dawa, kulikuwa na furosemidi, enalaprili, karvediloli na spironolaktoni. Mbele ya kila jina, alama kama 1-0-1. Shemeji alidhani ni namba ya dawa kwenye orodha ya famasi. Maana yake ni kidonge kimoja asubuhi, mchana hakuna, kimoja jioni. Na mwishoni iliandikwa siku 30. Hapo ndipo familia nyingi zinapopotea. Sisi tumezoea dawa ya malaria au ya tumbo: unapewa siku, siku zinaisha, umepona. Ukisoma siku 30 unaelewa kwamba siku ya 31 kazi imekwisha. Lakini zile siku 30 zilikuwa kiasi cha kununua hadi siku ya kontroli, yaani ya kurudi kuonana na daktari. Kuzimeza kwenyewe hakukuwa na siku ya mwisho. Nimeshakutana kwenye benchi la kontroli na baba aliyerudi amevimba hadi tumboni kwa sababu hiyo hiyo, na alikuwa mtu msomi kabisa.

Nilirudi hospitalini baadaye, saa za mchana wakati servisi (wodi) imetulia, nikamtafuta muuguzi mmoja wa kike aliyekuwa na subira. Nikamwomba aeleze kila dawa kwa Kiswahili huku simu yangu inarekodi. Alikubali, na alizungumza polepole kama mtu anayeongea na mama yake. Furosemidi inatoa maji yaliyojaa mwilini, imezwe asubuhi ili usiku mtu alale badala ya kwenda chooni. Enalaprili inalegeza mishipa ili moyo usisukume mzigo mkubwa. Karvediloli inatuliza mwendo wa moyo, imezwe na chakula, na isikatishwe ghafla hata siku moja. Spironolaktoni inasaidia kutoa maji na inaulinda moyo, ila pamoja na enalaprili inaweza kupandisha potasiamu katika damu, kwa hiyo damu na figo zipimwe kila daktari anapoomba ionograma, kipimo cha chumvi za damu, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Akisahau dozi, ameze akikumbuka, lakini kama muda wa nyingine umekaribia aache ile iliyopita, asimeze mbili pamoja. Ile sauti tuliisikiliza nyumba nzima, jioni, simu ikiwa juu ya meza. Hakuna kitu kilichotusaidia kuliko hicho, na hakikugharimu franga.

Nyumba ya mdogo wangu iko Kadutu, upande mmoja wa mji wetu, juu kwenye mteremko, unapanda ngazi za udongo kutoka barabarani. Ndani kuna mume wake, mama mkwe wake, wifi yake mwanafunzi, mtoto mkubwa na mchanga. Mimi nililala kwao majuma ya mwanzo. Kila mtu alitaka kusaidia, na hilo nalo lilikuwa tatizo. Jioni moja mume alimpa dawa kabla hajatoka, akaja wifi akampa tena kwa moyo mzuri kabisa. Usiku alipoinuka kumchukua mtoto, kichwa kikazunguka akaanguka na bega ukutani. Tansio ilikuwa imeshuka. Mtoto hakuwa mikononi bado, Mungu alisaidia.

Asubuhi yake tukakaa kikao. Tuliamua mtu mmoja ashike dawa, na mwingine mmoja amsaidie akiwa hayupo, basi. Wengine wote, hata mgonjwa mwenyewe akiwa mchovu, hawagusi mfuko. Nani? Mimi nilisema mwanafunzi, kwa sababu anasoma Kifaransa. Shemeji akasema, "Mama." Mama mkwe hajui kusoma. Lakini yeye ndiye asiyetoka, ndiye anayeamka kabla ya wote, na uji wa asubuhi na rozari ya jioni havijawahi kumpita tangu nimjue. Dawa zikafungwa kwenye vitu hivyo viwili.

Wifi alichora kwenye kipande cha katoni jua upande mmoja na mwezi upande wa pili, kisha akabandika chini yake plaketi tupu (kile kipande chenye vishimo vya vidonge) ya kila dawa, na vidoti kuonyesha ni kidonge kimoja au nusu. Mama mkwe alikuwa analinganisha: anashika plaketi mpya, anaiweka juu ya ile ya kwenye katoni, anafuata maandishi herufi kwa herufi kwa kidole. Siku moja shemeji alileta plaketi ya Lasix kwa sababu famasi haikuwa na ile tuliyoizoea. Mama akakataa kuitoa, akasema, "Hii haimo." Wote tukacheka, halafu tukasoma kwa maandishi madogo: ilikuwa furosemidi ile ile, kwa jina la kampuni. Kama asingekataa, na ile ya kwanza bado imebaki kidogo, mgonjwa angemezeshwa zote mbili. Muulizeni mfamasia jina la dawa lililo ndani, lile linaloandikwa dogo chini ya jina la biashara, na mliandike kwa kalamu nzito juu ya plaketi. Aldactone nayo ni spironolaktoni, msije mkadhani mna dawa tano.

Bado niko kwenye famasi. Hapa mjini wanakata plaketi kwa mkasi, kila mtu kulingana na franga zake, na mara nyingi tarehe ya kuisha inabaki kwenye kipande cha mtu mwingine. Omba uonyeshwe plaketi nzima kabla haijakatwa, piga picha. Usinunue vidonge vilivyotolewa kwenye kopo na kufungwa kwenye karatasi bila jina. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za dawa ni bandia au haifikii ubora. Sisi tulichagua famasi moja, yenye mtu aliyesomea kazi, tukabaki nayo. Baada ya muda alikuwa anatujua, na akiona karvediloli inaelekea kwisha kwake alitupigia simu.

Fedha. Sitaki kupita hapa haraka, maana watu wanaona aibu kusema. Dawa nne kwa mwezi zilitugharimu kati ya dola 20 na 30, kutegemea mwezi na dawa zilizokuwepo, mbali na kontroli, vipimo vya damu na pikipiki. Shemeji ana kazi ya kubahatisha. Mwezi wa pili wa matibabu alikuja na furosemidi peke yake, amenunua nyingi. Nikamuuliza zingine ziko wapi. Akasema ukweli wake: "Shemeji, hii ndiyo inayofanya kazi. Nimeona kwa macho."

Na kwa macho alikuwa sahihi. Furosemidi inajionyesha. Unaimeza asubuhi saa moja, saa mbili uko chooni, jioni viatu vinaingia. Karvediloli haionyeshi kitu. Majuma ya kwanza hata inamchosha mgonjwa, anasema kabla ya dawa hii nilikuwa na nguvu. Enalaprili nayo kimya. Basi familia yenye franga kidogo inanunua kile kinachoonekana na kuacha kile kisichoonekana, na moyo wenyewe hautibiwi, unapunguziwa maji tu. Muuguzi alimweleza shemeji kwa simu: furosemidi inampa pumzi leo, lakini karvediloli, enalaprili na spironolaktoni ndizo zinazompa mke wako miaka. Tangu siku hiyo alianza kuzinunua hizo kwanza na kutafuta furosemidi mwishoni, jambo ambalo nalo si sawa, lakini tulijua amesikia. Ukipungukiwa, mpigie daktari kabla ya kuamua nini kiachwe. Mara nyingine anaweza kubadilisha dawa ya bei kubwa kwa nyingine ya familia hiyo hiyo iliyo nafuu. Hata wao hawapendi kukuona umerudi na maji mapafuni kwa sababu ya dola tano.

Wanawake wa mtaa tukafanya likirimba, mchango wa kupokezana kwa zamu, na zamu yetu tuliiomba iangukie majuma ya kontroli. Hilo liliwezekana kwa sababu tuliwaambia wazi ni ugonjwa gani. Kuficha kungetugharimu zaidi.

Jambo jingine ambalo shemeji alilielewa vibaya, na simlaumu: kipimo cha karvediloli kilikuwa kinapanda. Walianza na nusu ya kidonge cha 6.25 mg asubuhi na jioni, kisha kila baada ya majuma mawili hivi, kama tansio na mapigo vinaruhusu, wanaongeza. Kila walipoongeza, shemeji alikonda kwa wasiwasi. Kwake, dawa ikiongezwa ugonjwa umezidi. Ilibidi daktari amchoree ngazi kwenye karatasi: tunaanza chini kwa makusudi, moyo unazoea, tunapanda. Kuongezwa kulikuwa dalili kwamba mambo yanakwenda. Waambieni waume na wazazi mapema, wasile hofu bure.

Kuhusu karuho. Mtu wa Bukavu anayesoma hapa alikuwa anangojea nifike. Kijana akivimba tumbo, akakonda mabega, akakosa pumzi, neno hilo halikawii kutajwa: amelishwa sumu. Shangazi yetu alikuja kutoka kijijini na chupa. Sikumfukuza, na nawashauri msiwafukuze watu wa namna hiyo, maana wanakuja kwa upendo na ukiwafukuza watarudi usipokuwepo. Nilikosea nini? Pengine hakuna. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyeamini. Alikuwa ameniambia usiku, "Yaya, hizi dawa za hospitali zinakojoza tu. Kama kuna kitu tumboni, hazikitoi." Alikunywa wakati mama mkwe yuko sokoni Nyawera na mimi kazini.

Alitapika jioni yote. Vidonge vya jioni vikatoka pamoja na matapishi, maji yakaendelea kumtoka kwa furosemidi ya asubuhi, asubuhi iliyofuata midomo imekauka, hawezi kusimama. Tulimrudisha hospitali. Wakampima damu, chumvi za mwili zimevurugika, wakasimamisha baadhi ya dawa kwa muda kisha wakazirudisha moja moja. Daktari hakugomba. Alimuuliza shangazi, kwa heshima, alitumia mti gani, akamwambia: "Mama, hata kama ungekuwa unasema kweli juu ya sumu, moyo huu hauwezi kubeba kutapika. Ukileta dawa yoyote, ipitie kwangu kwanza." Shangazi aliitika. Baadaye nilisikia anawaambia watu kwamba daktari amemkubalia kuwa sumu ipo. Sawa. La muhimu, chupa haikurudi.

Kutokana na hapo tukajifunza kanuni ambayo hawakutuambia siku ya kutoka: mgonjwa anayemeza dawa hizi akitapika sana au akiharisha, mpigie daktari siku ile ile. Kuna dawa ambazo atataka zisimame mpaka tumbo litulie, lakini yeye ndiye wa kusema zipi.

Hatari nyingine huja kutoka kwa watu wa afya wenyewe, wale wa vituo vidogo vya mtaani wasiomjua mgonjwa. Siku moja mdogo wangu alijisikia mchovu, jirani akamshika mkono hadi kwenye kituo cha karibu "akawekewe serumu". Kwetu serumu inapendwa, mtu akining'iniziwa chupa anaamini amepata nguvu. Kwa moyo uliolegea, lita moja ya maji kwenye mshipa inaweza kumzamisha. Wifi alifika kabla sindano haijaingia, na kilichomsaidia ni karatasi. Tulikuwa tumeandika kadi ndogo, ikafungwa ndani ya plastiki na kuwekwa kwenye mkoba wa mtoto: jina la ugonjwa, dawa zote na vipimo, namba ya simu ya servisi, na chini kwa herufi kubwa, hakuna serumu bila kumpigia daktari, hakuna diklofenaki wala ibuprofeni. Muuguzi wa kituo alisoma, akaacha.

Diklofenaki na ibuprofeni zinafanya mwili ushike chumvi na maji, zinaumiza figo, na zinapambana na dawa zile zile tunazonunua kwa shida. Zinauzwa kila kona kwa maumivu ya mgongo na meno. Parasetamoli ya kawaida inafaa, ila si ile inayochemka kwenye maji, maana ina sodiamu nyingi. Ikija malaria, na huku inakuja, sema neno "moyo" kabla hujasema neno "homa", kwa sababu baadhi ya dawa za malaria, kwinini ikiwemo, zinagusa mapigo ya moyo na daktari anapaswa kuchagua akijua.

Jikoni nitapita upesi. Mama mkwe alipika sufuria moja bila chumvi, wengine wakajiongezea kwenye sahani. Makayabu (samaki wa chumvi) yaliondoka, Maggi ikaondoka, na samaki wakavu waliotiwa chumvi. Sambaza mbichi, wale samaki wadogo wa ziwani, na ndimu zikabaki, sombe (kisamvu) na bugali vikabaki. Alilalamika miezi ya kwanza kwamba chakula hakina ladha, na kweli hakikuwa nayo.

Mizani tulinunua ya mkono wa pili soko la Kadutu. Asubuhi akishakojoa, kabla ya uji, anapanda, mwanafunzi anaandika kwenye daftari la shule. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, ni maji, simu inapigwa hata kama miguu haijavimba. Siku moja daftari lilituonya kabla mgonjwa mwenyewe hajasikia chochote. Alikuwa amekwenda kwenye sherehe ya ubatizo, akala vya chumvi.

Katikati ya Februari 2025 mji ukabadilika mikono, ukachukuliwa na waasi wa M23. Tulijifungia ndani, famasi zimefunga milango, risasi zinasikika. Kisha benki zikafungwa, na mshahara ulioko benki haununui kidonge. Tulivuka kwa sababu mama mkwe alikuwa na tabia ya kuficha. Kila tuliponunua, alitenga vidonge vya siku chache kwenye kopo lenye kifuniko, chini ya kitanda chake, na hakumwambia mtu. Alipotoa kopo, kulikuwa na dawa za karibu majuma mawili, na tarehe zake zilikuwa bado nzuri. Baada ya hapo tulitegemea pesa za simu na makato yake. Kwa mji kama wetu, akiba ya majuma mawili ni sehemu ya matibabu. Ijazeni pole pole, vidonge vichache kila mwezi, na mzungushe: za zamani zitumike kwanza. Kopo, kadi na ordonansi viwe pamoja, mahali ambapo mtu anaweza kuvishika akiwa anatoka mbio.

Kikohozi kilianza baada ya hapo, kikavu, cha usiku. Wengine wakasema maji yamerudi, wengine kifua kikuu. Uzito kwenye daftari haukuwa umepanda. Daktari alipoona daftari alisema ni enalaprili, inajulikana kwa kikohozi cha namna hiyo, akaibadilisha kwa losartani. Siku ya kubadilishiwa dawa ni siku ya kusafisha nyumba: enalaprili yote ilitoka kwenye mfuko, kwenye kopo la akiba na kwenye mkoba, plaketi yake ikabanduliwa kwenye katoni, kadi ikaandikwa upya. Msiache dawa ya zamani "kwa dharura". Na kama baada ya enalaprili midomo au ulimi vikivimba, hiyo si ya kungojea kontroli, ni kukimbia hospitali saa ile ile na kutomeza tena.

Limebaki lile ambalo halizungumzwi mbele ya wanaume, nami naliweka hapa kwa sababu linahusu dawa. Enalaprili na losartani zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na mimba mpya inaweza kuuangusha tena moyo huu. Kunyonyesha, daktari aliruhusu kwa dawa alizokuwa nazo mwanzo. Muulizeni wa kwenu, na muulize tena dawa ikibadilishwa. Lakini mimba hapana, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni havimfai. Aliwekewa kijiti mkononi. Mama mkwe, yule yule aliyemwokoa kwa kopo lake, ndiye aliyechukia zaidi, maana watoto wawili kwake ni mwanzo tu. Shemeji alikwenda naye kwenye kontroli, akamwacha aongee na daktari peke yake. Alitoka amenyamaza, akasema kwa mwanawe: "Kwanza huyu apone." Bado anaulizia, lakini anamuuliza mwanawe, hamuulizi tena mke.

Ekografia iliyofuata ilionyesha 45%. Mdogo wangu akauliza kama anaweza kuacha. Daktari akapunguza furosemidi, akaziacha zingine zote kama zilivyo, akasema moyo ulioinuka kwa dawa unaweza kushuka tena zikiondolewa, na kwamba hilo wataliangalia pamoja, si nyumbani. Shemeji akauliza swali lake la siku zote: "Kwa hiyo tunaendelea kununua?" Mnaendelea. Ekografia nyingine imepangwa, na zamu ya likirimba tumeshaiomba iwe mwezi huo.